Chupa ya Siku Kumi na Nne

Mkuu wa maabara alikuwa hatulii. Mara avute kiti, mara asogeze karatasi, mara aangalie mlangoni utadhani ameacha chungu motoni. Kikao cha zabuni ya mashine ya kupimia damu kilikuwa kimebakiza saini tu. Afisa ugavi, mtu wa mzaha asiyechoka, alikuwa ameshatoa kalamu, akisema hata mashine yenyewe imechoka kuwasubiri.

Nje, kwenye benchi la korido, alikaa mdogo wa mkuu wa maabara. Figo zake zilitakiwa kupimwa kila wiki, na tangu mashine ya hospitali ife, miezi minane sasa, damu ilitolewa hapa, ikatiwa kwenye kikasha cha barafu, naye mwenyewe akapanda nayo basi hadi hospitali ya rufaa. Basi likichelewa, damu inaharibika, anarudi mikono mitupu. Asubuhi ile alikuwa ameapa kwamba mashine mpya ikifika ataipigia vigelegele.

Sasa tatizo nini? Tatizo ni ukurasa wa tatu. Sifa za mashine aliziandika mkuu wa maabara mwenyewe, na kusema kweli hakuziandika, alizinakili. Kila mtu hunakili. Ukiambiwa sifa zinatakiwa Ijumaa na foleni ya wagonjwa imefika getini, unachukua karatasi ya hospitali ya rufaa, unabadilisha jina juu, unapumua. Leo ndipo jicho lake liliponasa kwenye mstari mdogo: dawa ya kupimia figo, chupa moja vipimo elfu mbili, ikifunguliwa itumike ndani ya siku kumi na nne. Kule rufaa huimaliza kwa wiki. Yeye hapa angepima watu ishirini kwa siku. Akapiga hesabu pembeni ya karatasi, akafuta, akapiga tena. Vipimo mia mbili na themanini, vingine vyote kumwagwa sinki. Chupa nne alizoombea fedha, ndizo pekee za mwaka mzima, zingekwisha kwa wiki nane, na mashine ingefunikwa shuka kama mwenzake marehemu.

Jamani, afanyeje? Akisema, zabuni inafutwa, wanaanza upya, miezi sita hiyo kama Mungu akipenda. Akinyamaza, mdogo wake anapimwa hapa hapa kuanzia mwezi ujao. Wiki nane za raha. Halafu? Na nani angejua ni yeye?

Kalamu ikamfikia. Afisa ugavi akamtania kwamba saini haiumi kama sindano zake.

"Sifa hizi si za hospitali yetu," alisema mkuu wa maabara. "Nilinakili. Tukiinunua hii, itakufa njaa kwa kukosa dawa."

Mzaha ukakatika. Daktari mkuu, mwenye kikao, alimuuliza mara mbili kama ana hakika, kisha akafunga faili bila kumtazama.

Korido ilikuwa ndefu. Alimweleza mdogo wake yote wakiwa wamesimama, na kosa ni la nani, bila kujitetea. Mdogo wake aliuliza tu ni muda gani. Miezi sita. Akatazama saa ya ukutani, maana basi huondoka saa saba, akatangulia maabara, akakaa, akakunja mkono wa blauzi.

Mkuu wa maabara alifunga mpira, akapapasa mshipa. Miaka kumi na tisa kazini, na mkono huu ameuchoma kila wiki. Akachoma, akakosa.

"Taratibu, dada," mdogo wake alisema. "Mshipa ndio huu huu mpaka miezi sita iishe."