Watu Wangapi Humu Ndani

Bili ilipofika, fundi matairi aliisoma mara mbili, akacheka peke yake. Maji yale yangetosha kuosha basi kila siku, na yeye kuoga kwenyewe anaoga akijisikia. Akaenda nayo ofisini. Karani hakuinua hata macho.

"Kaka, hii ni nyumba ya watu wanane."

"Wanane wapi, dada? Labda wananikimbia nikirudi."

"Basi mkaguzi atakuja. Utamwambia mbele ya jirani mko wangapi. Jirani akikubali, tutaiangalia bili. Akikataa, tunakata maji."

Kicheko kikamkauka. Tangu mkewe afungashe na kuondoka na watoto, hajamwambia mtu. Gereji wakimuuliza, anasema yuko kwao, anamuuguza mama yake. Mgonjwa huyo ameugua mdomoni mwa fundi mpaka fundi mwenyewe ameanza kumwonea huruma. Na anayeuliza kuliko wote ni Mama Mapacha, jirani wa ukuta kwa ukuta.

"Shemeji, mgonjwa vipi?"

"Anaendelea."

"Mwambie dada arudi, sina wa kunisuka."

Kulipa yaishe? Hana kitu. Na bila maji, masizi ya matairi atayaoshea mate?

Mkaguzi akaja, kijana mfupi mwenye buti za mpira. Mama Mapacha akaitwa, akatoka na pacha mmoja kiunoni.

"Watu wangapi humu ndani?"

Fundi akajikuna shingo. "Mmoja."

"Hujaoa?"

"Nimeoa. Kaondoka. Na watoto."

Mama Mapacha akamgeukia. "Na mgonjwa je, shemeji?"

"Hakuna mgonjwa."

Mama Mapacha akamhamishia mtoto upande wa pili wa kiuno. "Andika mmoja," akamwambia mkaguzi. Halafu akaingia kwake.

Mkaguzi akainama kwenye mita pale mbele ya nyumba. "Kafunge bomba zote za ndani." Fundi akafunga. Mita ikaendelea kuzunguka vilevile.

"Bomba limepasuka chini kwa chini. Hata mngekuwa kumi, hili ningeliona tu."

"Sasa mbona umeniuliza?"

"Utaratibu, kaka. Chimba uzibe, nikirudi kuona tunapunguza bili."

Jioni ile fundi alichimba uani, nyuma ya jiko, palipokuwa na unyevu. Koki kubwa ya mbele aliiacha wazi, ili maji yenyewe yamwonyeshe ufa ulipo. Jembe likagonga bomba, maji yakamrukia usoni. Akapiga magoti kwenye tope, akaubana ufa kwa kiganja.

"Fungeni koki huko mbele," akaita.

Akangoja. Maji yalimtoka katikati ya vidole, baridi. Upande wa pili wa ukuta pacha mmoja alikuwa analia, mama yake anambembeleza kwa sauti ya chini.

Akauachia ufa, akainuka. Akapita jikoni, akapita sebuleni na tope lake hadi magotini, taratibu kabisa, kama anampa mtu nafasi ya kumgombeza. Akatokea mbele, akafunga koki.