Saizi Kubwa

Nauza madera ya jumla Kariakoo, kwa hiyo kuficha tumbo la binti yangu Fortunata hakukunipa shida. Nilimvalisha saizi kubwa, nikamkalisha nyuma ya kaunta. Kliniki hatukwenda. Nesi wa pale tunasali naye jumuiya moja, na mwenyekiti wa jumuiya ni mimi. Fortunata ana miaka kumi na tano.

Miguu ndiyo iliyonishinda.

Jumamosi duka lilikuwa limejaa. Zulekha, mteja wangu wa Buguruni, aliinama kuokota dera, akabaki chini akitazama.

"Mama Fortu, mbona miguu ya huyu imeumuka kama mikate?"

"Anasimama sana."

"Anasimama wapi? Tangu nije amekaa kama bibi harusi."

Wateja wakacheka. Nami nikacheka, kuwashinda wote.

Fortunata hakucheka. Tangu asubuhi alikuwa akilalamika kichwa. Nilimpa panadol na kumwambia aache kudeka.

"Mama," akasema, "naona vimulimuli. Sikuoni vizuri."

Zulekha akambonyeza mguu kwa kidole. Shimo likabaki. "Mdogo wangu alikuwa hivi hivi, kifafa cha mimba kikamchukua. Huyu ana mimba?"

Wateja wakanigeukia. Mlangoni alisimama Mama Heriel wa jumuiya yetu, dera la bluu mkononi. Mimi nimesoma, nina diploma. Nilijua kifafa cha mimba ni nini, na kwamba wasichana wadogo wako hatarini zaidi. Bado nilimtazama Mama Heriel kwanza, ndipo nikamtazama mwanangu.

"Ana mimba," nikasema. "Miezi saba. Niitieni bajaji."

Hospitali walimpasua siku hiyo hiyo. Mtoto wa kike, hajatimia, analia kama paka. Fortunata alikuwa amepata degedege, hana nguvu ya kumshika. Nesi akaniambia nimbebe mimi kifuani, ngozi kwa ngozi, apate joto. Nikamfunika kwa dera langu.

Mama wa kitanda cha jirani akanitazama. "Hongera, dada. Umejifungua lini?"

Kumbe ingewezekana. Nina miaka thelathini na tisa tu. Nani angebisha?

Nilinyamaza kidogo.

"Si wangu," nikasema. "Ni wa binti yangu, yule pale."

Fortunata alikuwa macho. Alishausikia ule ukimya wangu. Akageukia ukutani.