Ng'ombe wa Hezekiah

Kipkemoi alivunjwa mguu na gogo alipokuwa akikata miti katika msitu wa Londiani, na mguu huo ukakatwa. Mkewe alikuwa ameshafariki, nao hawakujaliwa watoto. Akarudi kwenye boma lake karibu na Kapkatet, juu ya mashamba ya chai, akakaa peke yake na magongo yake. Kisha rafiki yake wa Litein, Hezekiah, akamletea ng'ombe wa madoa amtunzie. Ndiyo desturi ya Wakipsigis: mwenye ng'ombe humweka kwa rafiki, ng'ombe na ndama hubaki mali yake, rafiki hupata maziwa.

Kila alfajiri Kipkemoi aliketi kigodani, akaegemeza paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe, akamkamua huku akimsimulia: mvua ya mawe iliyopiga chai, ndoto ya jana, bei ya sukari. Chupa moja alimuuzia jirani yake Bilhah. Yaliyobaki aliyanywa mwenyewe.

Miaka michache baada ya Uhuru, chifu akatangaza barazani kwamba serikali itawapa posho vilema wasio na kipato. Paa la Kipkemoi lilivuja, na unga alikuwa akiombaomba. Akaandikisha jina. Afisa wa ustawi, Bwana Ogola, akaja kumwona.

"Na huyu, mzee?" akauliza, akimnyooshea ng'ombe kidole.

"Si wangu, bwana. Ni wa rafiki."

Ogola akacheka. "Analala kwako, anakula kwako, unamkamua wewe! Ningepata rafiki kama huyo ningeacha kazi."

Hezekiah akaitwa. Akaja na koti lake la kanisani, akaapa kwamba ng'ombe ni wake. Ogola alisikiliza mpaka mwisho; hakuwa mtu mbaya.

"Nimekuamini. Lakini nasikia jirani huuziwa maziwa. Hayo ni ya nani?"

"Yangu," Kipkemoi akasema.

"Basi hicho ni kipato, mzee. Sheria sikuitunga mimi. Nitapita tena Jumatatu. Nikimkuta hapa, siwezi kulipitisha jina lako."

Alipoondoka, Hezekiah akawa anachorachora ardhi kwa fimbo.

"Unasemaje, ndugu yangu?"

Kipkemoi alitaka kusema, niachie. Lakini mtu hang'ang'anii mali aliyowekeshwa. Mwenyewe akiuliza, jibu ni moja.

"Ni wako. Mchukue."

Hezekiah akangoja, kana kwamba kuna neno lililobaki. Akafungua kamba.

Posho ikaja, na paa likazibwa. Bilhah sasa alinunua maziwa ng'ambo ya mto, wala hakuwa na sababu ya kupita bomani. Kipkemoi alinunua maziwa ya pakiti dukani, akayachemsha, akayanywa kimya. Alfajiri aliamka vilevile, akajikongoja hadi kwenye nguzo alipokuwa akifungwa ng'ombe, akaketi kigodani.

Asubuhi moja Onyancha, mchuuzi wa ndizi, akapita akielekea Litein.

"Mzee, una salamu za huko?"

"Mwambie Hezekiah, yule ng'ombe haachii maziwa kwa mtu anayenyamaza. Amwongeleshe."

Onyancha akacheka. "Amwambie nini, mzee? Siasa?"

"Chochote. Mimi nilikuwa namwambia nimeamkaje."

Onyancha akaacha kucheka. Akatua tenga lake la ndizi kando ya nguzo.

"Na leo, mzee, umeamkaje?"