Mlima wa Ngendo

Ngendo alikuwa mchapaji wa picha mjini Karatina, na hakupenda kuharibu kitu. Vibao vyake alivichonga kwenye miti iliyoangushwa na upepo, wino aliupika kwa magome ya miwati, na picha alizichapa kwenye vitambaa vya magunia ya unga. Miaka yote alichapa majani na ndege, vitu ambavyo hata vikigeuka kushoto kulia hakuna anayeuliza.

Mwaka wa sabini na mbili akachonga Mlima Kenya, vile auonavyo kutoka mlangoni pake. Alipobandua kitambaa cha kwanza, mumewe Theuri alicheka mpaka akakaa chini.

"Kilele kirefu kimehama," alisema. "Umesahau kibao hugeuza picha?"

Ngendo alinuna. Hata hivyo alichapa kwa wino wote aliokuwa ameupika, maana kuumwaga kwake ni dhambi, kisha wakaenda sokoni pamoja. Watu wa Karatina walitazama, wakatikisa vichwa, wakasema huo si mlima wao.

Mchana akapita mama mmoja muuza wimbi kutoka Chuka, upande wa pili wa mlima. Aliutua mzigo wake, akaishika picha kwa mikono miwili.

"Huu ndio mlima wetu, vile ninauona nikiwa shambani," alisema. "Nifungie tatu. Nilidhani nyinyi wa huku mnajua mgongo wake tu."

Ngendo alizifunga polepole, kisha akamgeukia Theuri.

"Umesikia? Mimi nimechapa uso."