Kadi Mbili za Victorine

Victorine alizima mtandao kwenye simu ya majaribio, akaagiza gari la maji kwa programu waliyokuwa wakiitengeneza, kisha akauwasha tena. Agizo likafika. Halafu likafika tena. Kesho, mbele ya Maman Mwaba, mwenye magari yanayopeleka maji kwenye nyumba mpya za mtaa wa Ruashi, hilo lingekuwa magari mawili kwa mteja mmoja.

«Inaenda, yaya?» Kiki, mgeni wa timu, aliuliza kutoka meza ya pili, akimwita dada mkubwa kama kawaida yake.

«Iko karibu.»

Haikuwa karibu. Lakini hakuwa tayari kumwambia Kiki hivyo.

Kila asubuhi, katika chumba chao cha kazi mtaani Kampemba, watu wanne wa timu husimama mbele ya ubao wa kadi, kila kadi kazi moja, na kipande cha malakiti, jiwe la kijani, hupita mkono kwa mkono. Mwenye jiwe husema anafanya nini na nini kinamkwamisha, wengine husikiliza. Tangu mwanzo Kalaba, kiongozi wao, alikuwa akimpa Victorine jiwe kwanza. Sasa anampa Kiki. Na safari hii hakuwa amesema nani ataonyesha programu kwa Maman Mwaba, kazi ambayo siku zote ilikuwa ya Victorine.

Ndiyo maana Jumatatu, Kiki alipohamisha kadi yake upande wa zilizokwisha, Victorine alibandika jina lake kwenye kadi ya pili kabla hajamaliza ya kwanza. Desturi yao ni kadi moja kwa mtu mmoja. Ruphin, mjaribu programu, alimcheka: «Yaya, bukari banakula na mukono moja!» Yaani ugali huliwa kwa mkono mmoja. Victorine naye alicheka, kwa meno tu.

Alasiri Kalaba alisimama mbele ya ubao.

«Bon. Kesho tunaonyesha yenye imeisha, hapana yenye iko karibu. Victorine?»

«Agizo bila mtandao inafika. Lakini inafika mara mbili.»

«Na ile kadi ya pili, ya kubadirisha adresi?»

«Nusu.»

«Nusu na nusu,» Ruphin alisema, «hapa kwetu haifanye moja.»

Kalaba hakucheka. «Maman Mwaba anangoja hii ya mtandao. Kule Ruashi inapotea kila wakati. Kama haiishe, tutaonyesha kazi ya Kiki, na Kiki njo atasema, hapana weye.»

Kiki aliinamisha macho. Victorine aliona tabasamu, au alidhani ameliona.

Alisimama. Alibandua jina lake kwenye kadi ya pili, akairudisha kwenye foleni. Ile ya kwanza akailaza upande. Kwenye timu yao, kadi iliyolazwa inaomba msaada, na tangu Kiki aje Victorine hakuwahi kulaza hata moja.

«Nani iko na nafasi?» Kalaba aliuliza, ingawa wote walijua ni Kiki.

Kiki alivuta kiti. Alisoma msimbo wa programu taratibu, bila kugusa kitu.

«Yaya, namba ya agizo inatoka wakati gani?»

«Simu ikituma.»

«Ni kusema ikituma tena, inapata namba ingine, inakuwa agizo ya pili. Kama itoke kwanza, wakati mutu anaagiza?»

Victorine alijua ni kweli kabla Kiki hajamaliza, na kilichomuuma ni kwamba wazo halikutoka kinywani mwake. Hata hivyo alisogeza kompyuta katikati. Wakaandika kwa zamu. Walipokuwa wakitaka kujaribu, umeme ukakatika, na mtandao wa chumba ukazima nao.

«Tutajaribu kesho asubui, kabla Maman Mwaba afike,» Kiki alisema. «Weye useme, yaya, mi nitashika simu.»

«Nani alikupa kazi ya kugawa kazi?»

Kiki akacheka, akidhani ni mzaha. Victorine hakumsahihisha. Aliiacha kadi imelala ubaoni, na chini ya mstari wa mwisho wa msimbo, betri ya kompyuta ikiwa inakaribia kuisha, akaandika mahali ambapo wawili wao wangeanzia asubuhi.