Mkono wa Simu Juu ya Kitambaa

Mashine yenyewe haikuwa na maajabu. Fundi aliifunga kwenye laini za simu, kando ya meza ya mapokezi: mkono wa simu ukiinuliwa, taa nyekundu inawaka na mashine inarekodi, ukirudishwa, inazimika. Meneja wa kampuni ile ya kuhamisha mizigo alitaka kumjua anayewapigia washindani wao na kuwatajia wateja, maana kila lori lao likifika kwa mteja, linakuta wenzao wameshatangulia. Kazi ya kusikiliza alimpa Mama Pacha wa mapokezi, aliyemwamini kuliko wote.

"Ukimpata, niambie mimi tu," alimwambia. "Siku hiyohiyo anaondoka."

Basi asubuhi moja akavaa visikizio kusikiliza simu za jana, na akampata. Alikuwa mdogo wake mwenyewe, kitinda mimba wa mama yao, dereva ambaye yeye ndiye aliyemwombea kazi. Alikuwa akitumia simu ya gereji, anacheka, anamtaja mteja mmoja, mwalimu, na mtaa anaokaa. Damu ni nzito kuliko maji, wanasema. Wanaosema hivyo hawajalisha pacha kwa mshahara mmoja. Akisema, mdogo wake anafukuzwa. Akificha na ikajulikana, wanatoka wote wawili.

Akatuma mdogo wake aitwe. Kabla hajafika, simu ikalia; mwanamke mmoja akamtaka karani wa magari. Mama Pacha akamwomba asubiri, akaulaza mkono wa simu juu ya kitambaa kilichokunjwa mezani. Ndivyo walivyozoea hapo, kwa sababu kitufe cha kumsubirisha mtu kilikufa zamani na hakuna aliyekililia. Akainuka kumfuata karani, lakini mlangoni akakutana uso kwa uso na mdogo wake, na karani akamtoka kichwani kabisa. Akamvuta ndani, akafunga mlango.

Alimuuliza imekuwaje. Kijana alikana kwanza, kisha akarudiwa maneno yake mwenyewe, neno kwa neno, akanywea. Akasema wale wenzao walimwahidi lori jipya la kuendesha. Mama Pacha alitamani kumzaba kofi, na papo hapo alimwonea huruma.

"Utanisema, dada?"

"Mama alikuacha mikononi mwangu. Nitamwambia meneja sijasikia kitu. Lakini ukirudia tena, usiniite dada."

Hapo ndipo alipogeuka, akaiona taa. Ilikuwa nyekundu. Juu ya kitambaa, sauti ndogo ilikuwa ikiita. Akauokota mkono wa simu.

"Bado nipo," alisema yule mwanamke. "Mimi ndiye mwalimu mwenyewe. Nilipiga kuuliza kwa nini lori la watu wengine limefika mlangoni kwangu. Sasa nimejua. Karani simtaki tena, mama. Niunganishe na meneja."

Mdogo wake alikuwa akimwashiria akate. Angeweza kukata. Lakini yaliyosemwa yalikwisha kuingia kwenye mashine, na ufunguo wake anao meneja; tena mwalimu ana miguu, angekuja mwenyewe.

"Subiri kidogo, mwalimu," alisema kwa sauti yake ileile ya kazini. Akaubana mkono wa simu begani, akamshika mdogo wake mkono, kama alivyokuwa akimshika zamani wakivuka barabara, na kwa mkono wa pili akabonyeza kitufe cha meneja.