Yakuti Iliyoganda Kiganjani

Jumatatu saa tatu asubuhi, Thuwaiba alifuta kioo cha mizani, akawasha taa ya mezani, akamwita mtu wa kwanza. Alikuwa mthamini wa mawe ghafi katika ofisi ya Bwana Mundhir, Raskazone. Kazi yake ilikuwa kupima uzito, kutazama rangi na nyufa, kukadiria kitakachobaki jiwe likishakatwa, kisha kutaja nusu ya bei. Nusu ya pili ilikuwa ya Bwana Mundhir. Ndivyo alivyoikuta ofisi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Aliyeingia ni Praxeda, mama wa makamo aliyeacha kukata mkonge akaenda kuchimba bonde la Umba. Alifungua kiganja. Palikuwa na yakuti ya buluu, kubwa kama punje ya mahindi.

Thuwaiba aliishika kwa kibano. Haikutoka. Akavuta tena, mkono mzima ukafuata.

"Iko hivyo tangu juzi," Praxeda alisema. "Nimefulia nayo."

Basi Thuwaiba akainama na lenzi, akaikagua hapohapo mkononi. Safi, haina ufa.

"Milioni nne."

Jiwe likazidi kung'ang'ania.

"Sita na nusu."

Likalegea upande mmoja, kama jino la mtoto. Thuwaiba akautazama mlango wa bosi. Mwaka wa sita huo hajatamka bei kamili.

"Milioni nane," akasema.

Yakuti ikadondoka kwenye mizani. Thuwaiba akasikia kifua kimekuwa chepesi, akacheka. Praxeda naye akacheka, na wakatia saini huku wanacheka. Bwana Mundhir alilipa, maana karatasi ilikwishasainiwa.

Jumamosi Praxeda alipika pilau nyumbani kwake Nguvumali. Thuwaiba alicheza mpaka mtandio ukamvuka. Wachimbaji wengi walikuja na mawe yameganda viganjani, wakawa wanasalimiana kwa mkono wa kushoto na kuomba radhi.

Jumatatu iliyofuata palikuwa na tangazo la Bwana Mundhir mlangoni: jiwe lililoganda halipimwi.

Wachimbaji walilisoma. Ernesti, ambaye mwanawe alikuwa amerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada, alilinong'oneza jiwe lake, "Haya, basi." Likaachia.

Thuwaiba alilipima, akataja nusu. Ernesti akapokea, akamwambia Thuwaiba kwamba Praxeda anamsalimu sana, na kwamba kuna ukoko wa pilau amemfunikia, apitie jioni.